Mahari ya Picha Ndogo

Shinyanga, 5 Machi 1995

Kaka Luka,

Shikamoo. Barua hii ikukute juu ya ardhi na si chini yake, umekula na umepumzika. Huku kwa Shangazi tunaamka salama sote wanane. Mvua imekatika mapema na mahindi ya nyuma ya nyumba yamekunja majani. Mama ameniletea salamu kutoka Ushetu kwa mdomo wa Maige, kondakta wa basi: mguu umepungua kuvimba, na tumbaku ya mwaka huu ina majani mapana. Anauliza kwa nini huendi.

Krismasi uliniuliza mbele ya watu viberiti vyote vile nawashia nini. Wakacheka. Nimekaa na swali lako miezi miwili, leo nakujibu.

Chuoni kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha zilizochorwa na watu mashuhuri wa karne hii na mwisho wa ile iliyopita. Hakikuruhusiwa kutoka maktaba. Nilikuwa nakifungua kila Jumamosi hadi mkutubi akawa ananiwekea kiti. Nilipomaliza chuo nikajua sitaziona tena. Kisha siku moja, katika duka la madaftari la Mama Jasumati, nikaona stempu kwenye bahasha aliyoandikiwa na mdogo wake wa Ulaya. Ilikuwa picha ileile ya kitabuni, ile ya wapenzi wanaoruka juu ya paa za mji wao. Picha ya ukubwa wa ukuta, sasa inakaa kwenye ukucha wa kidole gumba. Akanipa. Nikaibandika ndani ya kiberiti kitupu, kwenye ile droo. Ukiivuta, mji unatoka. Ukiisukuma, umelala.

Tangu hapo nakusanya. Masharti ni mawili tu: iwe nakala ya picha maarufu ya wachoraji wa kisasa, na iingie kwenye kiberiti. Ninavyo arobaini na vitatu.

Yaani vilikuwa arobaini na vinne. Jumatatu Shangazi alitafuta kiberiti cha kuwashia jiko, akavuta boksi langu la viatu chini ya kitanda. Alichokichukua hakikuwa na njiti, akakitia kwenye mkaa ili kisaidie moto. Humo mlikuwa na alizeti za yule Mholanzi. Nilipomweleza akasema, "Alizeti? Si nitakuletea kilo nzima kutoka sokoni." Hakuwa na nia mbaya. Lakini usiku ule sikula.

Sina mahali, Kaka. Chumbani nalala na mabinti watatu, na chini ya kitanda ni kwa kila mtu. Nataka mahali ambapo naweza kuvifungua vyote kwa pamoja mara moja tu nione vinafananaje.

Nimempa Maige kimoja akuletee. Ni mwanamume na mwanamke wamejifunika shuka moja ya dhahabu. Mchoraji wake alipaka dhahabu halisi kwenye picha kubwa. Nimeona kikufae.

Halafu nakurudishia humu barua yako ya Januari. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Usikasirike, nafanya hivyo kwa wanafunzi ninaowapenda. Umeandika "habali", "balabala", na kwamba mwaka huu "tutapiga kula". Kula ni chakula, uchaguzi ni kura. Huu ni ulimi wetu wa Kisukuma, hata mimi ulinisumbua. Kanuni ni rahisi: kila ulimi unapotaka kuandika l, jiulize kwanza kama si r.

Mdogo wako,
Limi


Bulyanhulu, 2 Aprili 1995

Limi mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Duara letu, shimo la dhahabu, limefika kwenye mwamba mgumu, tunapasua polepole. Mama nitakwenda kumwona, mwambie Maige amwambie asilalamike kwa makondakta.

Barua yangu imerudi na damu. Marcel, yule mpishi wa kambi ya watafiti wa miamba, aliikuta kwangu akauliza nani amechinjwa. Nikamwambia ni mwalimu wangu. Marcel alimaliza darasa la saba, na kwao Biharamulo hawana shida hii ya l na r, kwa hiyo tumepatana: naandika, yeye anakagua, ndipo natuma. Hii unayoisoma ameikagua. Anasema nikuambie hapo juu nilikuwa nimeandika "mpishi wa kambi" vizuri bila kusaidiwa.

Kiberiti nimepokea. Kwanza nilikipeleka juani nikakigeuzageuza kama tunavyogeuza jiwe. Hakuna dhahabu humo, ni wino wa njano. Wenzangu wakasema niloweshe tuone kitakachobaki chini ya karai. Nikawakatalia. Kiko mfukoni mwa shati, na nikipanda kutoka duarani ndicho kitu cha kwanza ninachokishika.

Theonest alikiona. Ni mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Kagongwa wilayani Kahama, ana nyumba ya vyumba vya mbele pale barabarani. Alikishika kwa vidole viwili kama anavyoshika punje, akauliza nani ametengeneza. Nikasema mdogo wangu. Akauliza kama umeolewa. Nikasema unafundisha. Akacheka, akasema hilo si jibu.

Marcel anapewa bahasha za watafiti akawashie jiko. Nimemwomba anikatie zenye picha. Hizi hapa tatu. Moja ina saa zimelegea kama ngozi mbichi juu ya uzio. Moja ni mwanamke mwenye macho yote upande mmoja, Marcel anasema huyo aliugua degedege. Ya tatu ni miraba tu, nyekundu, bluu na njano. Sijui kama miraba inahesabika. Kama haihesabiki irudishe, naipenda.

Nimesikia habari ya mahali. Nitaangalia.

Kaka yako,
Luka


Shinyanga, 20 Mei 1995

Kaka Luka,

Shikamoo. Tunaendelea. Shangazi ameng'olewa jino, sasa anaongea kwa upole siku ya tatu mfululizo. Mabinti wanakusalimu. Mama nimemwona Pasaka, anatembea bila fimbo mpaka kisimani, na amenikabidhi karanga zako ambazo nimezila mimi.

Miraba inahesabika. Ni ya Mholanzi mwingine aliyeacha kuchora miti ili achore kinachobaki ukiiondoa miti. Niliikodolea macho jioni nzima. Nimekubandikia wewe, ni yako, lakini inakaa kwangu. Vimekuwa arobaini na vitano, maana wewe unacho kimoja.

Sasa jambo lenyewe. Wizara imetuletea fomu za kupangiwa vituo. Kuna sehemu ya kujaza wilaya unayoiomba, na mwenye makazi yanayojulikana katika wilaya hiyo anafikiriwa kwanza. Nataka Kahama. Ningekuwa karibu na Mama, na karibu na wewe. Fomu inarudi tarehe 15 Julai. Bila makazi nitaandika nini? Natafuta, lakini kutoka huku sijui pa kuanzia.

Shangazi anasema dawa ya makazi ni mume. Kila Jumapili baada ya kanisa analeta jina. Wiki hii ni mwenye mashine ya kusaga, aliyefiwa na mke. Namjibu kwa heshima kisha naenda kufungua viberiti. Namkumbusha pia ahadi yako. Siku tuliyomzika Baba, mimi nikiwa kidato cha pili, ulisimama pale makaburini mbele ya wajomba ukasema hakuna jambo langu litakaloamuliwa bila mimi. Huwa naishika ile kauli kama wewe unavyokishika kile kiberiti.

Mshukuru Marcel. Mwambie yule mwanamke haumwi, alikuwa analia.

Mdogo wako,
Limi


Bulyanhulu, 25 Juni 1995

Limi mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Duara limeingia maji, tunachota. Marcel amekwenda kwao kumzika babu yake, kwa hiyo leo nimekaa mwenyewe na karamu yangu.

Nina habari njema. Mahari nzuri imepatikana. Ni kwa Theonest, Kagongwa. Nimeikubari kwa niaba yako maana wapo wengine waliokuwa wanaitaka, na barua zetu zinachelewa. Mama ameiona kwa macho yake siku ya mnada, ameridhika, anasema sasa utakuwa karibu naye na utarara vizuri. Theonest ni muungwana, hana haraka.

Usikatae kabura hujaiona. Sasa unaweza kuandika Kagongwa kwenye fomu yako.

Kuna jambo jingine nimefanya lakini sikuambii, utaliona ukija.

Kaka yako,
Luka


Shinyanga, 9 Julai 1995

Kaka,

Nimejaribu kuandika shikamoo mara tatu, mkono umekataa.

Mahari yako siitaki. Irudishe kwa Theonest, na iende kwa hao wengine waliokuwa wanaitaka. Ya makaburini umeyasahau, mimi sikuyasahau. Hukuniuliza. Ulikuwa na stempu, ulikuwa na karatasi, ulikuwa na Maige anayepita kila wiki, na hukuniuliza.

Kama Mama imempendeza, aende yeye.

Fomu nimeipeleka leo. Pa kuandika wilaya nimeandika "popote". Usinitafutie tena picha.

Limi


Bulyanhulu, 20 Agosti 1995

Limi,

Barua yako ilikaa wiki nne kwa Mohamedali anayetupokelea barua pale Kahama, kwenye sanduku lake la posta. Siku hizi usafiri ni wa taabu na watu hawateremki mjini ovyo. Nimeisoma.

Nimerudisha ufunguo kwa Theonest. Aliuliza sababu. Nikamuaga.

Mama sijamwambia maneno yako. Nimemwambia umepata kwingine.

Stempu mbili zimo humu. Marcel alikuwa ameshazikata, si za kutupa.

Luka


Shinyanga, 10 Septemba 1995

Kaka yangu Luka,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile ya Julai niliyokunyima. Huku ni wazima, Shangazi pia, na Mama nilimwona wiki iliyopita akanipongeza kwa "kupata kwingine". Sikujua anasema nini, nikaitikia. Sasa najua.

Barua yako fupi niliisoma nikaiweka. Nikairudia. Neno moja halikukaa sawa: ufunguo. Nilizunguka nalo siku mbili. Nikadhani labda Theonest alitanguliza nyumba. Nikadhani labda ni ufunguo wa sanduku la nguo za bibi harusi. Siku ya tatu nilikwenda kununua wino, Mama Jasumati akaniuliza kwa nini uso wangu umekuwa kama daftari lililonyeshewa. Huyu mama ananifahamu tangu nikiwa wa kuazima penseli. Nikamwambia yote, kwamba kaka yangu alinipokelea mahari kisiri na sasa amerudisha ufunguo.

Akasema, "Tangu lini nyinyi Wasukuma mnatoa ng'ombe wenye kufuli?"

Nikasema ndivyo barua zinavyosema.

"Leta hiyo barua ya kwanza."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akavaa miwani akasoma kwa sauti, na wateja wawili wakasimama kusikiliza. Alipofika pale, "nimekaa mwenyewe na karamu yangu," akanitazama juu ya miwani. "Kaka yako alikuwa na sherehe?"

"Kalamu," nikasema. "Alikosea, ni kalamu."

"Na hapa? 'Utarara vizuri.' Utafanya nini vizuri?"

"Nitalala."

"Na hapa 'kabura', na hapa 'nimeikubari'. Limi, huyu mtu l nyingi amezigeuza r. Sasa soma neno hilo lenyewe, mwalimu."

Nikalisoma. Mahali.

Mteja mmoja, mzee mwenye baiskeli, akasema pole binti. Nikaondoka bila wino.

Kaka, nataka uelewe nilivyokosea, maana sikukosea kwa uvivu. Ungeandika "mahari pazuri pamepatikana" ningetambua hapohapo. Lakini uliandika "nzuri" na "imepatikana", na kwa neno mahari huo ndio upatanisho sahihi kabisa. Ilikuwa sentensi isiyo na kosa, nikaiamini kwa sababu haikuwa na kosa. Makosa mengine yote yaliyokuwa pembeni yake sikuyaona. Nilikuwa nimeshakasirika, na mtu aliyekasirika husoma neno moja. Hata kwamba Marcel hayupo uliniambia, nikapita.

Nami nikakujibu kwa neno lilelile na r ileile, wewe ukaona mwalimu ameliandika hivyo, basi ndivyo. Ukaelewa kwamba nimekataa chumba. Nimekataa chumba ulichokitafuta, na nimemtukana Mama aliyekwenda na mguu ule kukiangalia.

Kanuni ile ya kujiuliza kama si r ni yangu mimi. Wewe uliitii tu.

Kuna jambo ambalo hatulisemi nyumbani. Uliacha shule darasa la nne ukaenda kuchunga ili mimi niingie la kwanza, kwa sababu ng'ombe walihitaji mtu na Baba alisema mmoja wetu atasoma. Hukuwahi kunikumbusha. Halafu mimi nikakurudishia barua yako yenye masahihisho ya wino mwekundu ishirini na kitu, nikajiona ninakusaidia. Nisamehe hilo kwanza. La mahari ni la pili.

Majibu ya fomu yametoka. Kwa kuwa niliandika popote, wamenipa popote: shule moja upande wa Geita, ndani kutoka barabara kuu, naripoti Januari. Silalamiki, ni mkono wangu ulioandika. Lakini kile chumba bado kipo? Hata kama sitakaa, ningependa kukiona.

Zile stempu mbili nimezibandika. Moja ni mwanamume mwenye kofia ambaye uso wake umezibwa na tofaa. Ndivyo nilivyokuwa.

Mdogo wako,
Limi


Bulyanhulu, 22 Oktoba 1995

Limi mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Maji duarani yamekwisha, tumerudi kwenye mwamba. Mama nilikwenda kumwona. Sikumweleza, nimemwachia wewe. Atacheka kabla hajakasirika, unamjua. Jumapili ijayo tunapiga kura. Hilo neno nimeliandika mwenyewe.

Barua yako nilimsomea Marcel. Alicheka mpaka ugali wa watafiti ukashika chini, wakala mikate. Sasa hapa kambini hawaniiti Luka tena, wananiita Mkwe. Mtu akipata mawe mazuri anasema amepata mahari. Nimewazoea.

Mimi sikucheka siku ile. Nililala na barua yako. Nilikuwa nimejiambia kwamba umesoma sana, na chumba cha Kagongwa kimekuwa kidogo kwako, ndiyo maana. Miezi miwili nilidhani hivyo. Sasa sidhani, basi yameisha. Na la darasa la nne pia liishe. Nilikuwa sipendi hesabu.

Chumba hakipo. Theonest amempa fundi cherehani, anaitwa Melania, ana watoto wawili, siwezi kumwambia atoke. Ila kuna mambo mawili ambayo nilikuficha, na bora uyajue kabla hujapita njia ile na kuyaona mwenyewe.

Moja. Nilimwambia seremala atengeneze kabati la ukutani lenye vijumba sitini. Kipimo tulitumia kile kiberiti chako cha dhahabu, tukakitia na kukitoa kila kijumba mpaka kikaingia bila kulazimishwa. Alilipigilia misumari mirefu kiasi kwamba lilipofika suala la kulitoa, ukuta ulitaka kuja nalo. Likabaki. Melania anaweka humo nyuzi zake.

Mbili. Nilitaka mlangoni paandikwe kwamba ni pako. Nikampa mchora vibao karatasi niliyoiandika mwenyewe, Marcel alikuwa bado kwao. Yule mchora vibao ni Msukuma kama sisi. Aliandika kama alivyoona, kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: MAHARI YA LIMI. Ipo mpaka leo. Melania anasema kila mteja anauliza Limi ni nani na ni ng'ombe wangapi.

Niliahidi kuja kupaka rangi juu yake. Nitakwenda nikipata nafasi.

Kaka yako,
Luka


Kagongwa, 25 Novemba 1995

Kaka Luka,

Shikamoo. Naandika hii nimekaa kwenye kiti cha wateja cha Melania, naye anashona sare za kwaya. Natumai mwamba umelegea. Nimetoka kwa Mama jana. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, pamoja na lile neno la "aende yeye". Alicheka kwanza, kama ulivyosema. Kisha akanituma kuni. Nilipozileta akasema, "Chumba kilikuwa kizuri, kina upepo."

Nilishuka kwenye basi nikakiona kibao kabla sijauona mlango. Bluu ile ni kali. Nilisimama ng'ambo ya barabara, malori yanapita katikati, nikakisoma, kikafichwa, nikakisoma tena. Jina langu na lile neno kwenye mstari mmoja, mbele ya watu wote wa Kagongwa. Nilidhani nitaona aibu. Niliisubiri, haikuja.

Melania alitoka na futi ya kupimia nguo shingoni. "Unashonesha au unashangaa?"

"Mimi ndiye Limi," nikasema.

Akanitazama kuanzia viatu. "Kumbe mwembamba hivi. Mimi huwa nawaambia watu ng'ombe arobaini."

"Punguza," nikamwambia.

"Siwezi. Nikipunguza wataniambia nimekuonea." Akaniingiza ndani.

Kabati ni zuri, Kaka. Hukuniambia kwamba seremala alilipiga msasa hadi ndani ya vijumba. Nilikuwa nimebeba boksi la viatu bila kujua kwa nini. Melania akaniuliza nini kimo, nikamwonyesha kimoja, kile cha wapenzi wanaoruka juu ya mji. Alikivuta na kukisukuma mara nne. Halafu akaanza kutoa nyuzi zake kwenye safu za juu na kuzirundika kwenye beseni.

"Nyuzi hazijali zinakaa wapi," akasema. "Hizi safu tano za juu sizifikii vizuri hata hivyo. Ya chini niachie."

Tumevipanga sisi wawili na watoto wake. Vyote vimeingia, arobaini na saba, droo zikiwa zimevutwa nusu ili picha zionekane. Ile miraba yako nimeiweka katikati. Mara ya kwanza nimeviona vyote kwa pamoja. Kule chini ya kitanda nilidhani vitafanana na ukurasa wa kile kitabu cha chuoni. Havifanani. Vinafanana na nyumba ya watu wengi jioni, kila mmoja na taa yake, halafu chini yao nyuzi nyekundu na kijani. Mteja aliyekuja kuchukua gauni aliuliza zile ni nini. Melania akamjibu, "Ndiyo yenyewe mahari, unayoisoma hapo nje." Yule mama akasogea karibu akaanza kuangalia moja baada ya nyingine, akasahau gauni.

Januari naondoka kwenda Geita. Picha zinabaki hapa. Melania atazifuta vumbi, na wewe ukipita utamletea zitakazopatikana, vijumba vitatu vya safu ya tano bado vitupu. Kibao usikipake rangi. Nimemwambia Melania asikubali mtu akiguse, hata wewe.

Katika vile vitatu, kimoja ni cha kiberiti chako, siku utakapochoka kukibeba. Cha pili ni cha stempu itakayokuja. Cha tatu nakuomba kitu. Ile barua yako ya Januari, niliyokurudishia na wino mwekundu, kama hukuitupa, nipe. Nitaikunja mpaka iingie.

Mdogo wako,
Limi